Motokari ya Mbio na Prizi ya Nyumba Yangu

Mara nyingi ukurasa kama huu unaleta shauri la mchungaji kwa watu wengine. Mwezi huu ni kinyume. Nataka kuwaeleza shauri ambalo mimi mwenyewe nilikosa, na namna bibi yangu na kijana mmoja wa kanisa walivyonisaidia kulipata. Ni juu ya motokari. Usicheke mapema. Pengine hata wewe una motokari yako moyoni, ijapokuwa unaiita kwa jina lingine.

Ninaishi Uvira, upande wa milimani. Asubuhi tukifungua mlango tunaona Ziwa Tanganyika chini yetu, na ng'ambo tunaona Bujumbura. Kazi yangu ninaifanya kwa miguu ao juu ya moto ya kukodi. Wakiniita kwenye kilio kule Kiliba ao Sange, ao kwenye ndoa upande wa Makobola, ninatafuta motari, tunapatana bei, tunakwenda. Nikifika, shati nyeupe imekuwa nyekundu kwa vumbi. Wakati wa mvua ninafika kama mtu aliyetoka kulima mpunga. Nimepita miaka 40, na mgongo umeanza kunikumbusha hesabu hiyo.

Ahadi iliyotoka mbali

Watu wetu wengi walikimbia vita vya 1996 na 1998. Walivuka ziwa, wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, na kisha wengine wakapelekwa Marekani. Huko wanafanya kazi, lakini hawakusahau kanisa lililowabatiza. Mwaka 2024 baadhi yao walinipigia simu usiku.

"Papa Pasteri," walisema, "tumechoka kusikia unapanda moto na mvua. Tunataka kuchanga tukununulie motokari. Lakini si ya esansi. Ni ya umeme, ile ya kisasa, inayojaa haraka na kukimbia kama upepo. Itapita Dar es Salaam, itafika Kigoma, itavuka ziwa mpaka bandari ya Kalundu."

Wakanitumia picha katika simu. Wasomaji wangu, sitawaficha: usiku ule sikulala. Nilijiona nikipita sokoni, vioo vimefungwa, hakuna kelele ya injini, watu wanageuka kuniangalia. Siku ya pili, kabla sijauliza mtu yeyote swali hata moja, niliwaambia wazee wa kanisa kwamba motokari inakuja. Jumapili iliyofuata habari ilikuwa imefika kwa kwaya, kwa akina mama, na hata kwa watoto. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Nilitangaza zawadi mbele ya kujua inasimama juu ya nini.

Dakika 18

Kuna kijana mmoja wa kanisa letu anayetengeneza simu na redio karibu na soko. Nilimwonyesha picha. Alishangilia kuliko mimi.

"Papa Pasteri, hii ni Hyundai Ioniq 5! Ilitoka mwaka 2021. Batri yake ikiwa na asilimia 10, inafika asilimia 80 kwa dakika 18 tu!"

Akanifundisha, na mimi ninawapa ninyi vile nilivyoelewa. Umeme wa nyumbani unakwenda na kurudi, unageuka-geuka mara 50 kila sekunde. Batri haiwezi kuula umeme wa namna hiyo. Inataka umeme unaokwenda njia moja tu. Kwa hiyo, ukichomeka motokari nyumbani, kuna chombo kidogo ndani yake kinachogeuza ule umeme, na kwa kuwa ni kidogo, kinafanya kazi polepole. Lakini kwenye kituo cha kuchaji haraka, kazi ya kugeuza inafanywa inje ya motokari, ndani ya kabati kubwa. Kutoka hapo umeme unamiminwa moja kwa moja ndani ya batri kwa waya mnene. Ni tofauti ya kujaza pipa kwa kikombe na kulijaza kwa bomba kubwa.

Niliuliza: "Sasa, juu ya nini wanasema asilimia 80, hawasemi 100?"

Akanijibu kwa mfano wa kanisa. Siku ya Krismasi, watu wa kwanza wanaingia upesi na kukaa, kwa kuwa mabenchi ni tupu. Lakini kanisa likikaribia kujaa, kila mtu anayeingia lazima atafutiwe fasi, wengine wasogee, na mlangoni watu wanasimama. Batri ni vilevile. Mwisho wake hujaa polepole, na ukiilazimisha inapata joto na kuharibika mapema.

Kisha akanionyesha nyingine zenye nguvu kupita ile. Porsche Taycan, iliyotoka mwaka 2019 na umeme wa volti 800. Tesla Model S Plaid ya mwaka 2021, yenye nguvu za farasi 1,020, inayotoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa mbele sekunde 3 hazijaisha. Tulicheka sana. Kutoka Mulongwe mpaka Kavimvira, kati ya mashimo, mbuzi na wanafunzi, ni wapi utafikisha kilomita 100 kwa saa? Lakini ninakiri kwamba ndani yangu sikucheka. Nilitamani.

Swali la bibi yangu

Jioni nilimweleza bibi yangu yote: volti, dakika, nguvu za farasi. Alikuwa anachambua maharagwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Baba watoto, shati yako ya Jumapili, niliipiga pasi na nini?"

"Na makaa."

"Juu ya nini?"

"Umeme haukukuwa."

"Basi," alisema, akaendelea na maharagwe yake.

Hakuongeza neno. Ninyi mnaoishi Uvira mnajua delestaji. Umeme unakuja usiku wa manane, unaondoka alfajiri. Pengine unakaa saa 6, pengine unapita siku 2 bila kuonekana. Mnajua namna mtaa mzima unavyopiga kelele za furaha taa zikiwaka, kama timu imefunga bao.

Nilikumbuka ule mfano wa Luka 14, mtu wa mnara, ambao nimeuhubiri mara nyingi. Niliuhubiri kwa watu wa ndoa, kwa watu wa biashara, kwa vijana wanaotaka kwenda kwenye machimbo. Mimi mwenyewe sikuwa nimekaa chini kuhesabu.

Hesabu juu ya karatasi

Siku iliyofuata nilikaa na yule kijana, tukageuza karatasi ya matangazo ya kanisa, tukaandika nyuma yake.

Batri ya motokari ile inabeba karibu kilowati-saa 77. Prizi ya nyumba yangu, kwa waya ulioko, inaweza kutoa ampere 10 kwa volti 220. Hiyo ni wati 2,200, yaani kilowati 2 na kidogo. Ukigawanya 77 kwa 2.2 unapata saa 35. Saa 35 za umeme usiokatika, na wakati huo hakuna kupika, hakuna pasi, hakuna frigo. Umeme ukija saa 6 kwa siku, ni siku 6 hivi za kuchaji. Nikamwambia kijana: "Basi nitachaji siku sita, na siku ya saba nitakwenda kuhubiri." Alicheka mpaka machozi.

Na zile dakika 18 je? Kuzipata kunahitaji kituo cha kilowati 350. Hiyo ni nguvu ya nyumba 159 kama yangu, kila moja ikitumia prizi yake mpaka mwisho. Sasa sikilizeni jambo hili. Umeme wa upande wetu unatoka katika mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu na kushuka mpaka Tanganyika. Ruzizi I ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na nguvu yake haifiki megawati 30. Ruzizi II ilianza mwaka 1989, karibu megawati 44, na hiyo tunaigawanya inchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Vituo 85 vya namna ile vikitumia nguvu yao yote pamoja vingemeza Ruzizi I nzima. Mpango wa Ruzizi III, wa megawati 206, watu wanaungojea miaka mingi.

Na ule mto wenyewe tunauchafua. Chupa na mifuko ya plastiki tunayotupa katika Ziwa Kivu kule Bukavu inashuka na maji mpaka kwenye mitambo ya Ruzizi, inaiziba, na umeme unapungua. Kijana anayelilia umeme huku anatupa chupa ziwani ni kama mtu anayeziba bomba kwa mkono mmoja na kushika ndoo kwa mkono mwingine.

Lakini yule kijana alikuwa mtu wa haki. Hakutaka nikate tamaa kwa hesabu ya nusu. "Papa Pasteri," alisema, "nani alikuambia utajaza batri yote kila siku? Wewe unatembea kilomita 20 kwa siku. Hiyo inakula kilowati-saa 4 hivi. Saa 2 za umeme usiku zinatosha."

Alisema kweli, na ninataka ninyi pia mlishike neno hilo. Motokari ya umeme si upumbavu, hata Uvira. Injini yake ina vyuma vichache vinavyozunguka, haina mafuta ya kubadilisha, na inapanda mlima bila kulalamika. Ikishuka, injini inageuka kuwa kama dinamo ya baiskeli: inazuia mwendo na wakati huohuo inarudisha umeme ndani ya batri. Fikiri kuteremka Ngomo ukitoka Bukavu kuja Kamanyola, na batri inaongezeka badala ya kupungua!

Wala tusiseme kwamba esansi ni rafiki mwema. Wasomaji wa uwanda wa Ruzizi hawatasahau tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipoanguka Sange na kushika moto. Zaidi ya watu 230 walikufa, na kati yao walikuwamo watoto wengi. Nilizika watu wakati ule. Sitaki mtu anifundishe kwamba esansi haina hatari.

Kwa hiyo, tuligundua kwamba jambo lenyewe ni hili: motokari inayochaji polepole usiku inaweza kutufaa. Ile mbio, yaani dakika 18 na nguvu za farasi 1,000, ndiyo isiyokuwa na fasi ya kukaa. Mbio ya kuchaji haiko ndani ya motokari. Iko ndani ya waya, ndani ya mto, ndani ya mitambo. Unaweza kununua motokari yenye mdomo mkubwa, lakini kama sahani ni ndogo, itakula polepole kama wengine.

Usiku wa mama mmoja

Katika mwezi uleule, usiku wa saa saba, walikuja kugonga mlango wangu. Mama mmoja wa kanisa alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu mchana, na mtoto hakugeuka. Umeme ulikuwa umepotea kwa siku 2. Motari hakutaka kumbeba katika hali ile. Tulimwamsha jirani mwenye Toyota ya zamani, ile ambayo mlango wake mmoja unafungwa kwa kamba. Tangi lilikuwa karibu tupu.

Tulikwenda kwa kadhafi, yule kijana anayeuza esansi kando ya barabara. Tulimwamsha naye. Wakati ule kule Burundi esansi ilikuwa imekosekana vibaya, watu walikuwa wanavuka mpaka na bidoni kuja kununua kwetu, na bei ilikuwa imepanda. Alikuwa amebakiwa na lita 5 tu. Tulizimimina ndani ya Toyota, tukamfikisha mama hospitalini. Alipasuliwa, na mtoto ni mzima. Leo anakimbia-kimbia kati ya mabenchi wakati ninahubiri.

Njiani, nimeshika taa ya simu ili jirani aone mashimo, nilijiuliza: kama ningekuwa na ile motokari ya mbio, na batri iko asilimia 4, na umeme umepotea siku 2, ningemwambia mama huyu nini? Ningemwambia motokari yangu inajaa kwa dakika 18?

Esansi inaweza kukosekana, tuliona usiku uleule. Lakini lita 5 za bidoni zinakaa kitandani chini na kukungojea. Umeme haukai ndani ya bidoni.

Na kuna barabara. Batri ya motokari hizi imelazwa chini, tambarare, kutoka magurudumu ya mbele mpaka ya nyuma, na kutoka tumbo la ile waliyonichagulia mpaka chini ni sentimita 16 hivi. Pima hiyo na mawe ya njia yetu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu wengi na kubeba nyumba. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda, yakaingia mitaa ya kando. Na ikiharibika, nani ataifungua? Mafundi wetu wana akili nyingi, wanaweza kufufua Toyota iliyokufa mara tatu. Lakini waya za rangi ya machungwa ndani ya motokari za umeme zinabeba volti 400 mpaka 800. Mtu asiyefundishwa akizigusa, hatuiti fundi mwingine. Tunaita mchungaji.

Jiwe letu, prizi ya wengine

Ninyi mnaosoma mkiwa Kolwezi, Kamituga, Misisi ao Manono, sasa ninasema nanyi. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani 7 katika kila tani 10 za kobalti iliyochimbwa duniani. Kobalti hiyo inakwenda ndani ya batri nyingi za motokari hizi. Manono kuna lithium nyingi chini ya udongo. Kasiteriti ya Kivu inayeyushwa kuwa bati inayounganisha vyombo vidogo vya umeme, na koltani inatoa tantali inayotumiwa humohumo. Motokari inayokimbia kule mbali imebeba ndani yake jasho la upande wetu. Lakini baba aliyechimba jiwe lile, jioni anarudi kwenye nyumba ya giza, na mtoto wake anafanya kazi ya shule kwa mwanga wa simu.

Hilo linauma. Lakini tusikae katika kulia tu, maana kuna jambo lingine. Siku hizi viwanda, zaidi vya China, vinatengeneza batri za chuma na fosfati ambazo hazina kobalti hata chembe. Mwaka 2024 karibu nusu ya batri za motokari za umeme duniani zilikuwa za namna hiyo. Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kobalti isitoke inchini, kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka sana. Tangu Oktoba 2025 inatoka kwa kipimo. Familia za Kolwezi hazihitaji mchungaji wa Uvira kuzieleza namna mwaka ule ulivyokuwa.

Wazazi, msiweke nyumba yote juu ya jiwe moja. Bei yake inapangwa na watu wasiowajua watoto wenu. Kijana aliyesomea kazi ya umeme atapata kazi, batri iwe ya kobalti ao ya chuma.

Dakika 5

Machi 2025 yule kijana alikuja mbio na simu yake. "Papa Pasteri, zile dakika 18 zimepitwa! BYD wa China wametangaza kituo cha kilowati 1,000. Dakika 5 tu, kilomita 400!"

Nilimtazama tu. Yeye mwenyewe akaanza kuhesabu kwa vidole, kisha akanyamaza. Kilowati 1,000 ni megawati 1. Vituo 30 tu, na Ruzizi I imekwisha. Motokari inazidi kuwa na haraka, na prizi yetu inabaki ileile.

Kuna inchi zilizoanza na prizi. Januari 2024 Ethiopia ilitangaza kukataza kuingiza motokari za esansi. Lakini Ethiopia ilikuwa inajenga bwawa lake kubwa juu ya mto Abay, lililozinduliwa Septemba 2025, la megawati zaidi ya 5,000. Kigali hawakuanza na motokari ya nguvu za farasi 1,000. Walianza na moto ya umeme. Motari akiishiwa, anaingia kituoni, anaacha batri tupu na kuchukua iliyojaa, dakika chache tu amekwenda. Batri zenyewe zinachajiwa polepole nyuma yake, bila kuwasumbua watu. Hiyo ndiyo haraka inayofaa mtu mwenye waya mwembamba: umeme unakuja taratibu, na mtu hangoji.

Kisha Desemba 2025 vita ilifika mji wetu. Wengi walikimbia, wengine kuelekea Burundi, wengine upande wa Fizi. Siku ile hakuna aliyeuliza motokari ya nani inafika kilomita 100 kwa sekunde ngapi. Tulikwenda kwa miguu, na mwenye baiskeli alikuwa tajiri.

Tuliomba nini

Nirudi nyuma kidogo, kwa maana sijawaambia tulijibu nini Marekani. Katika ule mwaka 2024, baada ya usiku wa yule mama, niliwaita wazee wa kanisa, nikawaonyesha ile karatasi ya hesabu. Nikaomba samahani kwa kutangaza mapema. Haikuwa rahisi. Mzee mmoja alisema, "Pasteri, unatunyima heshima. Makanisa mengine wachungaji wao wana motokari." Wengine mpaka leo hawajafurahi.

Tuliwapigia ndugu zetu, tukawaambia: "Asanteni. Mapendo yenu tumeyapokea. Lakini hicho mnachotaka kununua, kwetu hakina mizizi. Tusaidieni kwa mizizi kwanza." Walinyamaza kidogo, kisha mmoja akasema, "Papa, hata sisi huku tunatembea na Toyota za esansi." Tulicheka wote.

Walituma kidogo kuliko bei ya motokari, na ilitosha. Tulinunua vioo 8 vya jua vya wati 400 kila kimoja, tukaviweka juu ya bati la chumba cha kuzalia kwenye kituo cha afya karibu na kanisa. Siku yenye jua zuri vinatoa kilowati-saa 12 ao zaidi. Mwanga upo usiku, frigo ya chanjo inafanya kazi. Nilisoma karatasi ya batri iliyokuja navyo: chuma na fosfati. Kobalti hakuna. Pesa zilizobaki zilimlipia yule kijana masomo ya umeme, na sasa anajua kwa nini waya ya rangi ya machungwa haiguswi.

Tuliporudi kutoka kukimbia vita, vioo 2 vilikuwa vimevunjika. 6 vilikuwa bado juu ya bati, na taa ya chumba cha kuzalia ilikuwa inawaka. Mama mkunga alituambia kwamba ilikuwa inawaka siku zote zile.

Sasa kijana anapiga hesabu nyingine. Batri ya moto moja ya umeme inahitaji kilowati-saa 2 ao 3 tu. Tukirudisha vile vioo 2, anasema, tunaweza kuchaji moto moja kila siku baada ya kituo cha afya kushiba. Moto moja, ya kubeba wagonjwa na, siku nyingine, mchungaji mwenye mgongo unaouma. Tunaangalia.

Vijana wapendwa, sikuwaambia msitamani. Mimi mwenyewe, simu ikinionyesha motokari ile ikipita kimya kama mtumbwi asubuhi, moyo bado unaruka. Lakini kila mara mtu anapowaonyesha kitu chenye mbio, ao machimbo yenye mbio, ao utajiri wenye mbio, ulizeni swali la bibi yangu. Shati ya Jumapili ilipigwa pasi na nini? Mkijua jibu la hilo, mtajua mwanzie wapi.

Yangu, wiki iliyopita, ilipigwa bado na makaa. Lakini ilinyooka.